Njia ya Fundi Kobelo

Hapo zamani, na mnisikilize vizuri maana sitarudia, palikuwa na barabara ya maduka huku kwetu pembezoni mwa mji. Zamani yenyewe si ya wafalme wala majini. Ni juzijuzi tu, kabla hatujawekewa taa na miti. Barabara tunaiita Kwa Mkomwa, na Mkomwa mwenyewe hakuna anayemjua.

Upande mmoja wa barabara hiyo kuna jengo refu la maduka, na mbele yake palikuwa na baraza moja ndefu ya saruji, sawasawa tangu mwanzo hadi mwisho. Mlango wa kwanza ni wa Mzee Sanga, muuza vifaa vya ujenzi. Mlango wa pili ni wa Bi Siwema, mwenye mgahawa. Mlango wa tatu ni wa Temu, mwenye duka la dawa, ambaye sote tunamwita Dokta na yeye hajawahi kutukataza. Na mwisho kabisa wa baraza, chini ya kipande cha bati, alikaa Fundi Kobelo na cherehani yake ya mkono.

Kobelo miguu haikumkubali tangu utotoni. Anatembelea baiskeli ya magurudumu matatu, ile ya kuzungusha kwa mikono. Kila asubuhi alipanda barazani upande wa Sanga, akampita Sanga, akampita Siwema, akampita Temu, akafika kwake. Kule mwisho wa baraza hapapitiki, kuna ukuta na mtaro mkubwa. Alishona sare za shule, alipunguza suruali, alitia zipu. Ana mke na watoto, na wote wanaitegemea ile cherehani. Hilo liwekeni kichwani, kwa sababu wale wenzangu watatu walilisahau kabisa.

Basi tukaanza kupendezesha barabara.

Alianza Sanga. Mvua ya masika iliingia dukani kwake, mifuko ya saruji ikaloa, saruji ikaganda humohumo mifukoni. Mtu wa watu alikaribia kulia. Mvua zilipokatika akainyanyua baraza yake mpaka usawa wa magoti, akajenga na vidato, akapaka rangi nyekundu. Akasimama barabarani, akatazama, akaona kwake kumependeza. Nani angemlaumu?

Akafuata Siwema. Maji yaliyokuwa yakiingia kwa Sanga sasa yakahamia kwake, yakimkuta na sufuria za supu ziko jikoni. Naye akanyanyua. Na kwa kuwa wateja wa chakula wanapenda pasafi, akaweka marumaru nyeupe, zile za sebuleni, ambazo ukizimwagia maji hata mbuzi anateleza. Akasimama barabarani, akatazama, akaona kwake kumependeza. Nani angemlaumu?

Akamalizia Temu. Bodaboda walikuwa wanaegesha pikipiki mlangoni kwake, mama na mtoto wake mgonjwa wanazunguka hawaoni pa kuingilia. Akajenga vizimba vya zege, akavijaza udongo, akapanda maua kutoka ukutani hadi ukingoni mwa baraza. Alibakiza upenyo wa mtu mwembamba kupita kiubavuubavu. Mimi, kwa mwili huu mnaouona, sipiti. Akasimama barabarani, akatazama, akaona kwake kumependeza. Haya, nani angemlaumu?

Na Kobelo je? Kobelo vidato havipandi, marumaru zinamtelezesha, maua yamemfungia. Akashuka barabarani kwenye malori ya mchanga. Kila asubuhi alijibanza pembeni, anapigiwa honi, anatukanwa, halafu akifika usawa wa kwake anasubiri apite mtu wa kumnyanyua. Nikamwuliza, Fundi, mbona husemi? Akaniambia wale wote ni wateja wake, atawaambia nini. Nilikasirika mpaka kichwa kikauma.

Ndipo akaja bwana mmoja wa manispaa, mwenye koti la kung'aa na tabasamu. Akasema zamu yetu imefika. Barabara ya Kwa Mkomwa itapata njia pana ya waenda kwa miguu, iliyo sawa mwanzo hadi mwisho, ya vitofali vya kupanga. Itapata mtaro mpya, taa, na miti ya kivuli. Tukapiga makofi. Akasema lakini kila mwenye duka abomoe mwenyewe alichokijenga mbele yake, na ikibaki hata baraza moja haijabomolewa, mkandarasi atahamia barabara nyingine. Hapo makofi yakapungua.

Maana shida ilikuwa hii. Mtaro mpya utachimbwa baada ya kubomoa, na vuli ilikuwa mlangoni. Atakayebomoa kwanza, maji yote ya wenzake yanaingia kwake.

Najua kuna mwerevu hapo ameshafungua mdomo: si wabomoe wote siku moja? Baba, waliliwaza hilo. Walipatana Jumamosi asubuhi. Sanga, ambaye kwa kuazimisha vifaa hana mfano, akamgawia kila mmoja nyundo kubwa. Wakatoka wote watatu, kila mtu akasimama juu ya baraza yake na nyundo mkononi. Wakatazamana.

Sanga akasema aanze Bi Siwema, marumaru zinavunjika upesi. Siwema akasema aanze Mzee Sanga, si ndiye aliyetangulia kunyanyua. Temu akasema yeye vyake ni vizimba tu, wenzake wakishamaliza havitachukua muda. Jua likapanda, watu wakakusanyika, mwuza miwa akauza miwa yake ikaisha. Ilipofika adhuhuri waliingia ndani kila mmoja na nyundo yake, na hakuna aliyegonga hata mara moja. Watu wazima, jamani. Wenye wajukuu.

Wiki hiyohiyo pikipiki ikamkwaruza Kobelo. Dereva alikuwa anamkwepa mtu wa mkokoteni, akaligonga gurudumu la nyuma la ile baiskeli, na Kobelo akaanguka kwenye kokoto. Alichubuka mikono yote miwili. Mikono, mnanielewa? Ndiyo anayotembelea, na ndiyo anayoshonea. Cherehani ilikuwa kapuni ikapona, lakini gurudumu lilijikunja likawa halina umbo. Gauni langu la harusi ya mpwa wangu lilikuwa kwake, limekatwa na halijashonwa, na siku ile hata sikulikumbuka.

Siwema alitoka na mwiko mkononi, akamwona Kobelo chini. Alirudi ndani, akautua mwiko, akatoka na ile nyundo ya Sanga, akaanza kuzivunja marumaru zake mwenyewe, analia na kuvunja. Aliibomoa baraza yake yote mpaka chini. Na mvua ya kwanza ya vuli ilipokuja, maji ya kwa Sanga yakateremka yote kwake. Unga ukaloa, mkaa ukaloa, majiko yakazimika, na mgahawa ukafungwa mpaka vuli ikaisha. Sanga na Temu walisimama milangoni kwao wakampa pole.

Temu naye hebu tumpe haki yake. Alimsafisha Kobelo vidonda na kumfunga bendeji kila siku mpaka akapona, na hakutaka malipo. Akalipeleka gurudumu kwa mchomeleaji, likanyooshwa, Kobelo akapata tena cha kutembelea. Na baada ya kuona maji ya Siwema, aliona haya, akaving'oa vizimba vyake. Kesho yake bodaboda walirudi mlangoni kwake kama waliokuwa wanasubiri kwenye kona, na wagonjwa wakahamia duka la dawa la mbele. Hakuvirudisha.

Akabaki Sanga. Sanga alisubiri mpaka mvua zimekatika na jua limekausha kila kitu, ndipo akabomoa. Mliokunja sura, kunjueni, sijamaliza. Mkandarasi alianza kazi vizuri, akachimba mtaro, akapanga vitofali mbele ya Sanga, na alipofika katikati ya mlango wa Siwema saruji ikamwishia. Akaanza kufunga virago, eti atarudi mwakani. Sisi mwakani ya wakandarasi tunaijua. Sanga akafungua stoo yake. Alitoa saruji mfuko baada ya mfuko, bila kuulizwa na bila kuandikishiana, mpaka njia ikampita Siwema, ikampita Temu, ikafika kwenye bati la Kobelo. Bila Sanga, njia ingeishia kwenye supu.

Siku ya kufunguliwa, Kobelo alikuja na shati jipya. Alipanda njia upande wa Sanga. Akampita Sanga bila kidato. Akampita Siwema bila kuteleza. Akampita Temu bila kujipenyeza. Alikwenda mpaka mwisho, akageuza, akarudi mpaka mwanzo, akageuza tena. Alikuwa anacheka peke yake, na mimi nilisimama chini ya kimti kimojawapo na machozi yananitoka. Nikasema angalau kwa mara moja tumefanya kitu kikakamilika.

Kumbe.

Alipotaka kutua kwake ndipo akaona, maana kwa furaha hakuwa ametazama, bati limeng'olewa na nguzo ya taa imesimama palepale. Akatandika vitu vyake kando ya nguzo. Hajatia uzi kwenye sindano, yule bwana wa manispaa akaja, na tabasamu lake lilelile. Akamwambia kwa upole kabisa kwamba njia hii ni ya kupita, si ya kukaa. Hairuhusiwi biashara yoyote juu yake. Anayetaka kufanya kazi kwenye barabara hii awe ndani ya mlango, na jioni mgambo watapita kukagua.

Nikamwuliza, bwana, njia hii si tumeitengeneza kwa ajili ya huyu? Akanijibu kwamba tumeitengeneza kwa ajili ya wote. Niliomba Mungu anizuie mkono.

Kobelo aliipakata cherehani mapajani. Sanga, Siwema na Temu walikuwa wametoka milangoni, wamesimama kwenye vitofali vipya. Akawatazama mmoja mmoja, wale wateja wake aliokuwa anaogopa kuwaudhi, na siku hiyo akasema.

"Njia nimeipata, nawashukuru. Sasa niambieni, ninakwenda wapi?"

Wakaanza kumjibu, na mimi nawapa maneno yao kama walivyoyasema, sipunguzi wala siongezi.

Siwema akasema, "Fundi, mimi ndiye niliyeanza kuvunja. Maji yameingia kwangu, nimefunga biashara vuli nzima, na hapa hakuna aliyeniletea hata ndoo ya kuchotea. Ndiyo kwanza nimefungua. Nikitoa meza nikuweke wewe, wateja wangu watakaa wapi, na wanangu watakula nini? Waliokuwa wakinitazama siku ile, leo ndiyo zamu yao."

Temu akasema, "Mimi nimekufunga vidonda, nimekutengenezea baiskeli. Wateja wangu wamehama kwa sababu ya kuifungua njia hii. Na duka la dawa lina masharti, kaka. Mkaguzi akikuta vitambaa na nyuzi karibu na dawa, ananifungia siku hiyohiyo, na hapo hata wewe hutakuwa na pa kukaa. Mwenye nafasi anajulikana."

Sanga akasema, "Nafasi ninayo, sikatai. Lakini hii njia mnayoikanyaga ni saruji yangu, na sijamdai mtu. Humo ndani kwangu zinaingia nondo, yanatoka mabati, vumbi linapanda mpaka darini. Nguo ya bibi harusi itatoka humo ikiwa nyeupe? Na siku nondo ikimwangukia Fundi, mtasema nani kamuua? Mnataka nitoe tena mimi kwa sababu tu ninacho."

Sasa tulieni, nawaona mnavyochezacheza. Asiniambie mtu wampokee kwa zamu. Kobelo kazi yake inataka pa kudumu, mteja akiacha kitambaa Jumatatu kwa Sanga, Alhamisi akifuate kwa Temu? Asiniambie mtu akodi mlango wake, angekuwa na uwezo huo asingekaa chini ya bati miaka yote. Wala asije mtu akaniambia nimchukue mimi. Kwangu ni huko bondeni, hata mdai hafiki.

Jua lilikuwa linashuka. Taa mpya ziliwaka zote kwa mpigo, barabara nzima ikang'aa, na watu wakasimama kuzishangaa. Kule mwanzoni mwa njia mgambo walikuwa wameshaonekana, wanakuja taratibu, wanakagua mlango kwa mlango. Kobelo alikuwa katikati ya vitofali, cherehani mapajani, ameshika breki. Milango mitatu ilikuwa wazi mbele yake, na katika kila mlango amesimama mwenye mlango.

Nijibuni, na msikwepe. Yupo aliyetangulia kujitoa na akaumia peke yake. Yupo aliyemwuguza na akapoteza wateja. Yupo aliyechelewa kuliko wote, akatoa kuliko wote, na ndiye mwenye nafasi. Je, katika hao watatu, nani alipaswa kusogea mlangoni ili Kobelo aingie?