Ubao wa Jumamosi

Maji hayasomi ratiba. Methali hii ilianza hivi, na kwa kuwa mmeisikia gatini mkaja kuniuliza huku mnacheka, kaeni mnisikilize. Nassra, weka simu chini. Si hadithi ya kuchekesha, na aliyesababisha yote ni mimi.

Wakati ule nilikuwa nikipanga safari za wageni katika nyumba moja ndogo ya kulala wageni hapa kisiwani. Mlangoni nilikuwa na ubao: Jumatatu mikoko, Jumatano kasa, Jumamosi fungu, ule mchanga unaotokeza katikati ya bahari maji yakipwa. Nahodha wetu alikuwa Faki. Mkewe, Mize, ndiye aliyewachomea wageni samaki huko funguni.

Faki alikuwa na desturi moja. Kila asubuhi alihesabu tarehe ya mwezi, ndipo aniambie mashua itoke saa ngapi na irudi saa ngapi. Leo saa mbili, kesho saa tatu kasorobo. Ilinichosha. Wageni walitaka kujua mambo mapema, nami nilijiona msomi kuliko yeye.

Jumamosi moja wageni walishinda funguni tangu saa tatu hadi saa tisa. Walikula, wakalala, maji hayakuwafikia. Nikafurahi, nikaandika ubaoni kwa rangi, si kwa chaki: fungu, saa tatu hadi saa tisa, kila Jumamosi. Mimi, mtoto wa pwani, nikasahau kwamba siku ile yalikuwa maji mafu, ambayo hayapwi sana wala hayajai sana. Wiki moja baadaye huja bamvua, nayo hulifunika fungu lote.

Jumamosi iliyofuata Faki aliwashusha funguni wageni wanne pamoja na Mize, akarudi gatini. Asubuhi hiyo fungu lilikuwa kubwa ajabu, maana bamvua hupwa mbali kabla ya kujaa. Mimi nilikuwa nimeshawapangia wageni wengine kwenda kutazama pomboo upande wa pili wa kisiwa, kwa mashua ile ile.

“Dada Mkasi, leo mwezi kumi na tano,” Faki aliniambia. “Ikifika saa nane fungu halipo. Mke wangu yuko kule. Hao pomboo wangoje kesho.”

“Kesho wageni wanapanda ndege. Saa tisa utawachukua wenzao, kama ilivyoandikwa.”

“Imeandikwa na nani?”

“Kaka Faki, kama huwezi, sema nimtafute nahodha mwingine.”

Alikuwa na watoto wanne wanaokula kwa kazi ile, nami nilijua, ndiyo maana nikasema vile. Akawapakia wageni, akaenda.

Huko kwa pomboo hakukaa. Aliwakatiza wageni, akageuza mashua, lakini upepo ulikuwa wa mbele na safari ilikuwa ndefu. Alipofika, palikuwa maji matupu. Wageni wote wanne walikuwa hai, wameng’ang’ania boksi la barafu. Mize hakuwapo. Walisema boksi halikuweza kuwabeba watu watano, na mmoja wao alikuwa bibi mzee. Mize alimshikisha yule bibi mahali pake, akajaribu kusimama mchangani chini ya maji. Hakujua kuogelea. Tulimpata kesho yake mikokoni.

Faki hakunifokea. Laiti angenifokea. Siku ya tatu, baada ya hitima, nilikwenda kumwomba radhi, nikakuta baraza imejaa watu. Nilianza kusema habari za wageni, ndege, na saa nilizoandika. Akaninyamazisha kwa mkono.

“Wewe uliambiwa tu, dada. Mimi nilijua, na nikaenda,” alisema. “Maji hayasomi ratiba.”

Hakurudi tena baharini. Waliokuwapo barazani walilibeba neno lile hadi gatini, na leo hata wapagazi hulitumia wakimtania mgeni aliyechelewa mashua. Mimi likitajwa huondoka.

Nanyi mnaanza kupanga safari za watu, na simu zenu zimejaa saa na tarehe. Sawa, zipangeni. Lakini nahodha akikwambieni leo hapana, msimtishe kwa riziki yake kama nilivyofanya mimi. Mize aliacha watoto wanne, mdogo wao alikuwa bado ananyonya. Maji hayasomi ratiba.