Syabumi wa Kuta Mbili

Kaeni, enyi wa Luvanyi, na kila mwenye mtoto ampakate shingo ikiwa wazi, kwa maana katika bonde hili kamba haizungushwi shingoni mwa mtoto kabla habari ya kamba haijasemwa, na anayeisema hana ruhusa ya kuongeza wala kupunguza.

Ilikuwa zamani za Mwene Ndimbwelu, wa saba katika watawala wa bonde, wakati Luvanyi ilipokuwa na mlango mmoja tu. Kaskazini ni majabali, kusini ni majabali, magharibi ni maporomoko ambayo hata nyani huyakwepa, na mashariki, penye mwanya wa pekee, wahenga walijenga kuta mbili za mawe, mmoja wa nje na mmoja wa ndani, wakaacha katikati yake uwanja wa hatua thelathini ulioitwa Zizi. Watu husema hatua mia. Ni thelathini, mawe ya msingi yapo na yamepimwa.

Zamani hizo watu wa Luvanyi walikuwa na marovu. Rovu ni uvimbe wa tezi, ile iliyokaa mbele ya koo kama kipepeo aliyetua, na mwenye rovu hakuona haya, bali alijivuna, kwa kuwa wazee walifundisha kwamba rovu ni muhuri wa mizimu na shingo nyembamba ni shingo ya mgeni. Kila mwaka baada ya mavuno watu walisimama mbele ya Mpima Shingo, naye akazungusha kamba ya katani, akafunga fundo pale ncha zilipokutana, na kamba ya kila mtu ikatundikwa ukutani kwa Mpima. Mwenye kamba ndefu aliketi mbele ya mwenye kamba fupi. Lakini katika nyumba za kamba ndefu walizaliwa watoto wasiosikia wala kusema, ambao mwili ulikua taratibu na akili ikachelewa zaidi ya mwili. Waliitwa Wanyamavu. Walipendwa, wakalishwa kwa mkono, wakazikwa mapema, na hakuna aliyethubutu kuuliza.

Mpima Shingo wa siku hizo alikuwa Mwakilembe mwana wa Mwalwanda, na Mwakilembe akamzaa Syabumi: Syabumi Mwenye Vidole Vinavyokumbuka, Syabumi Msukuma Jabali, Syabumi wa Kuta Mbili. Inasemwa alizaliwa ameushika uzi wa kitovu chake kama mtu anayepima. Alipofika miaka kumi alibeba peke yake jiwe la kusagia lililohitaji wanawake wawili. Alipofika kumi na mitano aliweza kufumba macho, akapapasa kamba yoyote ukutani kwa baba yake, akamtaja mwenyewe bila kukosea.

Alikuwa na mdogo wake, Tusekile. Tusekile alizaa mtoto, na mtoto akawa Mnyamavu. Akazaa wa pili. Mtoto huyo alipotimiza miezi sita, Syabumi alishika jembe na jiwe, akavigonganisha nyuma ya mtoto asipoona, akagonga tena, na mtoto akaendelea kutazama moshi wa jiko.

"Dada, acha kugonga," Tusekile akamwambia. "Nimekwisha kujua."

"Wa tatu atasikia," Syabumi akajibu, na siku hiyohiyo akatoka mlangoni.

Kutoka hakukukatazwa. Sheria ilikuwa katika kurudi. Kila kilichoingia kutoka nje, kiwe nguo, kiwe chuma, kiwe nafaka, kilioshwa mara saba juu ya Jiwe la Mlango, penye kijito, ili ugeni umalizike. Na mtu aliyerudi na maarifa ya nje, yakathibitika kuwa ya uongo, alitiwa Zizini maisha, hayuko nje wala ndani, na tangu siku hiyo sauti yake haikujibiwa. Mama angepita chini ya ukuta akaitwa na mwanawe, na asingegeuza shingo.

Syabumi alitembea siku thelathini na nane mpaka pwani. Huko alikuwako tabibu kutoka China, mwanamke aliyeitwa Wei Lanzhi, aliyekuja na merikebu kubwa za kwao na kukataa kuondoka nazo, kwa sababu siku ya kung'oa nanga alikuwa na wagonjwa kumi na wanne ambao hawajapona. Wei Lanzhi aliitazama shingo ya Syabumi kwa muda mrefu, kisha akamweleza kwamba katika nchi yake pia iko milima ambako watu huvimba hivyo, na kwamba ukoo wake wa waganga, mwalimu kwa mwanafunzi, vizazi kumi na viwili, ulikuwa umeuandika ugonjwa huo. Mmoja aliandika kwamba huwapata wanywao maji ya milimani. Mwingine alikausha tezi za kondoo, akazisaga, akawalisha wagonjwa, akaona shingo zikipungua. Mwingine aliwapa mwani wa baharini. Na mmoja, ambaye Wei Lanzhi alimtaja kwa heshima kuliko wote, aliandika kosa lake mwenyewe na majina ya wagonjwa waliokufa kwa kosa hilo, ili atakayemfuata asilirudie.

Miaka minne Syabumi alikaa pale. Mwaka wa kwanza alifagia na kupima uzito wa dawa. Wa pili alijifunza kusoma. Wa tatu alishika mishipa ya wagonjwa. Wa nne alihojiwa kila asubuhi, na alipokosa, aliandika kosa lake ukutani kwa mkaa na kulala akilitazama. Siku ya kuagana mwalimu wake alimwambia neno moja, ambalo sasa kila mwanafunzi wa bonde hili hulijua:

"Sikukufundisha dawa. Nimekufundisha kuuliza dawa imepita wapi kabla ya kufika mdomoni."

Syabumi akarudi na wapagazi na mizigo arobaini ya mwani mkavu. Mwene Ndimbwelu akampokea mbele ya watu, akasikiliza, kisha akatamka: "Mwani utaoshwa kama kila kitu kinavyooshwa, na utagawiwa kila juma nyumba kwa nyumba. Kamba ya mwaka ujao ndiyo itakayohukumu."

Naye Syabumi, aliyelelewa katika kuosha kama sisi tulivyolelewa katika kupiga hodi, hakuona neno la kupinga. Alisimama kwenye Jiwe la Mlango, akauosha mwani kwa mikono yake mwenyewe mara saba, mpaka maji yakatoka meupe, akafurahi kwamba ni safi. Hilo ndilo kosa lake, nasi tunalitaja kila mwaka kwa sababu aliagiza litajwe.

Mwaka ukapita. Mwakilembe, macho yakiwa yamefifia, alizungusha kamba shingo mia mbili na sita, na hakuna hata moja iliyopungua. Baba mwenyewe ndiye aliyetangaza. Syabumi akatiwa Zizini, na mwani uliobaki, mizigo kumi na tisa, ukaamriwa uendelee kuoshwa na kuliwa, kwa kuwa kilichoingia ghalani mwa Luvanyi hakitupwi.

Ndani ya Zizi alikuwako mfungwa mmoja, mzee Kasyupa, aliyekuwa ametiwa humo miaka sita kwa kudai kwamba nje ya bonde watu wenye shingo nyembamba nao wana mizimu yao. Alikuwa mtu wa mzaha. Alimtazama Syabumi akizunguka hatua thelathini kwenda na thelathini kurudi, akamwambia, "Tembea, mwanangu, tembea. Mimi nimekwisha fika mara elfu kumi, na kila nikifika nakuta ni hapahapa."

Kwa siku nyingi Syabumi alizunguka hivyo. Ukuta huku, ukuta huku, na juu kipande cha anga kirefu kama jeneza. Asubuhi alimsikia Tusekile akiacha chakula kwenye tundu la ukuta, akamwita kwa jina, na Tusekile, akilia, akaondoka bila kujibu kama sheria ilivyotaka. Alijisikia ameanza kuwa Mnyamavu: si kwamba hana sauti, bali sauti yake haina pa kufikia.

Ndipo siku moja akaiona shanga ya Kasyupa. Kila mwanamume wa bonde alivaa shanga moja ya uzi shingoni, iliyobana. Ya Kasyupa ilikuwa inaning'inia.

"Baba, shanga hii umeilegeza?"

"Shingo ndiyo iliyolegea, binti Mwakilembe. Nadhani imekonda kwa kukosa watu wa kujivunia."

Syabumi akafumua uzi kutoka pindo la nguo yake, akamzungushia shingoni, akafumba macho, na vidole vyake vikakumbuka kamba ya Kasyupa kama ilivyotundikwa ukutani. Tofauti ilikuwa upana wa vidole vitatu. Akauliza anachokula; ni kilekile walicholetewa wote. Akauliza anachokunywa. Kasyupa akaonyesha shimo la mwamba chini ya ukuta wa nje, mahali maji machafu kutoka Jiwe la Mlango yalipotuama kabla ya kumwagika nje ya bonde; mwaka mzima alikunywa hayo, kwa kuwa walinzi walichoka kumletea maji mengine.

Syabumi akaketi chini. Dawa imepita wapi kabla ya kufika mdomoni? Ilipita juu ya jiwe, na pale jiweni aliimwaga yeye mwenyewe, mara saba, kila juma, kwa mwaka mzima, akawalisha watu wake makapi.

Aliita siku tatu. Aliwaambia walinzi, akamwambia Tusekile, akamwambia baba yake kupitia ukuta: msioshe. Hakuna aliyegeuka. Siku ya nne akachukua kipande cha chuma kilichovunjika kutoka komeo la mlango, akaanza kuchimba.

Kasyupa alichimba naye, akidhani wanatoroka. Walipopata udongo laini chini ya ukuta wa nje, alicheka kwa furaha ya mtu aliyesahau kucheka. Lakini Syabumi akageuza chuma upande wa pili.

"Huko ni ndani, mwanangu," Kasyupa akasema. "Huko ndiko walikotufunga."

"Huko ndiko kuna kisima chao, baba. Vitu huoshwa. Maji hayaoshwi."

Siku thelathini na nane, sawasawa na safari yake ya pwani, walichimba mfereji wa chini kwa chini, na pale palipokuwa na jabali lililowashinda wajenzi wa kale, Syabumi aliweka mgongo na kulisukuma mpaka likahama. Kisha akaliziba shimo la nje, na maji yote ya Jiwe la Mlango yakaanza kupita chini ya ukuta wa ndani na kuingia katika kisima cha Luvanyi. Nafasi ya mtu mmoja kutambaa kwenda nje ilikuwapo, wazi, siku ile. Aliijaza mawe kwa mkono wake, kwa sababu maji yangeifuata.

Katika mvua zilizofuata Tusekile akashika mimba, akanywa maji ya kisima kama wengine. Mavuno yakaja, kamba ikazungushwa, na kamba za watoto hamsini na tatu zikawa fupi. Bonde likashangaa. Kisha Mwene Ndimbwelu akasimama na kutamka:

"Tulimfunga mchafuzi, na mizimu imeanza kuturehemu. Kwa hiyo asitolewe kamwe."

Kasyupa alitaka kupiga kelele juu ya ukuta. Syabumi akamzuia. Wakijua, alimwambia, wataziba. Basi dawa yake ndiyo iliyokuwa komeo lake: kadiri watu walivyopona, ndivyo mlango ulivyozidi kufungwa. Akakaa. Kila baada ya mvua alitambaa mferejini kuondoa tope, akarudi, akafunga fundo katika uzi wake.

Mtoto wa Tusekile alizaliwa, mvulana. Mama yake hakugonga jembe. Aliogopa. Akafikisha miezi sita bila kumjaribu, akimbeba mgongoni kwenda kwenye tundu na kurudi.

Asubuhi moja, baada ya mvua kubwa, mfereji uliporomoka Syabumi akiwa ndani.

Kasyupa alilia kwa sauti kubwa akiwaita watu, na watu walikuwa pale, wengi, wakichota maji. Wakaendelea kuchota, kwa kuwa walikuwa wamefundishwa miaka mingi kutokuisikia sauti ya Zizi, na mafunzo ya miaka mingi hayaishi kwa asubuhi moja. Chini ya udongo Syabumi alikuwa akigonga kwa jiwe. Mlio ulikuwa wa polepole, mara tatu, kisha kimya, kisha mara tatu.

Tusekile aliweka mtoto chini kando ya kisima ili ajaze mtungi. Akamwona anageuza kichwa kuelekea ukutani. Kikarudi. Kikageuka tena. Tusekile akabana pumzi, na ndipo akasikia alichosikia mtoto: mara tatu, kisha kimya, kama jembe na jiwe.

"Anasikia," akasema. Kisha akaanguka kwa magoti na kuparua ardhi kwa kucha. "Ni dada. Anasikia, ni dada yangu."

Mwene alisimama mbele ya ukuta na kukumbusha sheria. Mwakilembe, mzee, karibu kipofu, alimpita, akashika jiwe la kwanza la ukuta wa ndani na kulitupa chini. Baada ya hapo hakuna aliyehesabu. Waliubomoa kwa mikono. Mlio ulikoma saa sita mchana, walimfikia alasiri, naye amekwisha kukata roho. Alikuwa amelala upande wa ndani, hatua mbili tu kutoka Luvanyi, maji yakimpita pembeni, na mkononi uzi wenye mafundo arobaini na saba. Kasyupa aliusoma mbele ya watu, fundo kwa fundo, na akasema kila kitu, pamoja na agizo lake kwamba kosa lake litajwe, na kwa mara ya kwanza katika miaka minane akajibiwa.

Ukuta wa nje ulibomolewa siku ya pili. Kwa mawe yake ilijengwa shule ya waganga, na Kasyupa akaenda pwani kumleta mwanafunzi wa Wei Lanzhi awe mwalimu wa kwanza humo. Mpaka leo anayeingia shuleni humo huanza kwa kuandika kosa lake kwa mkaa ukutani. Mpaka leo Luvanyi haina lango. Mpaka leo hatuoshi mwani, na chumvi yenye madini joto iletwayo dukani hatuioshi wala hatuikaangi, bali tunaifunika, na mama mjamzito hutiliwa kwanza.

Na kabla ya kamba kuzungushwa, tunafanya hivi. Nyamazeni. Mpima, chukua jembe na jiwe, simama nyuma ya watoto, ugonge mara tatu. Nanyi akina mama, tazameni vichwa vyao.