Mwenyeji Akikuficha Jiko

Mwenyeji akikuficha jiko, fungasha.

Nililisema hili juzi, Rehani binti wa jirani yangu alipokuja na wenzake kutuaga. Anakwenda kutembea ng'ambo, kwa rafiki aliyejuana naye kwenye simu. Yeye na wenzake wakaangua kicheko.

"Mama Salha, hiyo methali ya wapi? Shuleni hatukufundishwa!"

Nikawaambia, shule yenyewe mimi niliishia darasa la saba, lakini methali hii najua ilikozaliwa maana nilikuwepo. Basi nayaandika kama nilivyowasimulia.

Wakati ule nilikuwa nauza khanga hapa Tanga. Nilikuwa na mteja wangu, Zahariati, mwanamke mcheshi kutoka Ngazija, kisiwa cha Komoro. Akija kununua mzigo lazima anywe chai kwangu. Mara akaniambia, "Dada, kila siku mguu wangu tu. Na wewe njoo kwangu upumzike. Nyumba ninayo, kubwa, ya mawe." Nikafurahi. Nikaenda na mwanangu Salha, ndiyo kwanza kamaliza kidato cha nne.

Alitupokea vizuri, sisemi uongo. Pasipoti zetu akazifungia kabatini, akisema mtaa una wezi. Akatutembeza, tukaona mlima wao wa moto na bahari. Chakula alinunua kilichopikwa, kwenye mifuko.

Mwanzoni nikanyamaza, mgeni ni mgeni. Lakini mnajua kwetu: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Na jembe la mwanamke kama mimi ni mwiko wa kupikia. Siwezi kuandaliwa kila siku kama bibi harusi. Nikamwambia, "Shoga, leo jiko langu."

Jiko lilikuwa ng'ambo ya ua, mlango umetiwa kufuli. Akasimama mbele yake. "Bovu hilo, dada. Lina panya."

"Panya nimewazoea. Wa Tanga wanapiga hodi kabisa."

Hakucheka. Salha akanivuta pembeni. "Mama, umekuja kupumzika au kusugua masufuria? Raha inakuwasha?"

Nikatulia, ila macho sikuyafumba. Kila mchana Zahariati aliingia mle na sahani ya wali, akatoka nayo tupu. Nikajiuliza, panya gani huyo anapakuliwa?

Asubuhi moja alipokwenda mjini, nikasema leo napika, hata uani. Nikaenda kwa jirani muuza nazi, Mama Anziza, kununua nazi na kuazima jiko la mkaa. Kiswahili chake cha kuungaunga, lakini tulielewana. Akaniuliza kwa furaha, "Ninyi ndio ndugu zake Bibi Moinaecha? Zahariati katuambia mmekuja kumchukua, mnaondoka naye kwenu."

"Bibi gani?"

"Bibi mwenye nyumba! Si anaumwa, hatoki ndani?"

Nyumba ile vyumba vyote tulikwisha kuviona, na bibi hatukumwona. Nilitaka nimshike mwanangu tukimbie, lakini tukimbilie wapi bila pasipoti? Nikawasha mkaa palepale mlangoni pa jiko, ili Zahariati akirudi anione mgeni mkaidi tu. Nikabandika samaki wa nazi. Tui lilipoanza kuchemka, nikasikia kikohozi nyuma ya mlango.

"Wewe unayepika," sauti ikasema taratibu kwa lugha yao, inayokaribiana na yetu, "nipe kidogo."

"Nani wewe?"

"Mimi ndiye mwenye nyumba."

Salha hakuniuliza tena habari ya raha. Alichukua mchi wa kinu akapiga kufuli mpaka likang'oka. Mle ndani kikongwe alikuwa juu ya gunia, miguu kafungwa kwa khanga niliyoiuza mimi kwa mikono yangu. Ndipo lango likafunguliwa. Zahariati kaingia na mwanamume tusiyemjua, na yule mwanamume akalifunga lango nyuma yake.

"Dada, nilikwambia upumzike," Zahariati akasema. "Sasa sikiliza. Mtaa mzima unajua ndugu zake wamekuja kumchukua. Akipotea, mtatafutwa ninyi. Pasipoti zenu ninazo mimi. Nani atawaamini wageni?"

Yule mwanamume akamkamata Salha mkono. Hapo sikufikiri. Nikaipiga sufuria teke, mchuzi wa moto ukammwagikia miguuni, nami nikapiga ukunga, ule wa kwetu wa msibani, mpaka koo likachanika. Ukunga hauhitaji mkalimani. Mama Anziza aliitikia kutoka upande wa pili wa ukuta, na wa tatu akaitikia, na lango likasukumwa na wanawake wa mtaa mzima, wengine na michi, mwingine na mtoto mgongoni.

Polisi walipokuja walitaka kutuchukua sisi pia. Mama Anziza akasimama katikati. "Huyu aliazima jiko kwangu mchana kweupe. Mwizi wa watu hapiti kwa majirani kuomba jiko."

Zahariati, kumbe, alikuwa mtumishi tu wa bibi yule. Watoto wa bibi wako Ufaransa. Aliitaka nyumba, na sisi tulialikwa ili mtaa uwe na wa kumlaumu.

Siku tuliyorudishiwa pasipoti, nilipika samaki tena, safari hii ndani ya jiko la bibi. Alikula kidogo kidogo, amejiegemeza kwa Salha. Kisha akasema maneno ambayo Mama Anziza alinifafanulia: "Mwanangu, nyumba yenye heri mgeni huingia mpaka jikoni. Mwenyeji akikuficha jiko, fungasha." Akanibusu mkono, yeye mwenye umri wa mama yangu.

Mpaka leo kila nikiswali namtaja Mama Anziza. Kama si yeye, ningerudi bila mwanangu, au nisingerudi. Alhamdulillahi, Salha sasa ana wanawe.

Nilipomaliza, Rehani akaitazama simu yake. Kisha akasema kwa sauti ndogo, "Mama Salha, rafiki yangu nikimpigia simu ya video hunionyesha sebule tu."

Nikamshika mkono. "Sikukatazi kwenda, mwanangu. Mwombe leo akuonyeshe jiko na anayepika humo. Akikuonyesha, nenda na dua yangu. Akikuzungusha, begi lako lifungue urudishe nguo kabatini. Na ukishafika huko ndipo akaanza kukuzungusha, mwenyeji akikuficha jiko, fungasha."

Hakuna aliyecheka.