Kitanda chenye Komeo kwa Nje

Siku ya arobaini ya mtoto wa Mishi, mpwa wangu, wageni walinikuta uani nimejifunga mwenyewe. Nilikuwa nimemletea mbeleko ya safari, si kanga, bali ile ya mikanda na vifungo, niliyoiona kwenye jarida la wazazi matajiri nilipokuwa nasubiri ndege. Nikataka kuwaonyesha inavyovaliwa. Mkono mmoja ukanasa shingoni, mwingine sijui ulikwenda wapi. Dada yangu Mwanahawa alikuwa amekwisha kunipokonya mjukuu wake kabla sijamkaza pamoja nami. Kwa kuwa hakuna aliyenifungua, nikaona heri nisimulie hivyo hivyo.

Paukwa?

Pakawa, wakajibu, na wewe ukakwama.

Palikuwa na mtoto?

Wa kwetu sote.

Basi kaeni.

Hapo kale Fisi alikuwa na njaa isiyojua likizo. Watoto porini walikuwa tele, tena wanono, lakini hawakamatiki. Huyu yuko mgongoni kwa mama, yule yuko kifuani, wa tatu kalaliwa na kaka zake. Ukimgusa mmoja, wanapiga kelele wote. Fisi akawaza, akawaza, akatoa jarida.

Jarida lilimeta. Ndani mlikuwa na mtoto wa Simba kalala juu ya manyoya ya mbuni, katika kitanda cha fito zilizochongwa, chenye komeo kwa nje ili asitoke. Chini paliandikwa: Mzazi bora humlaza mwanawe peke yake, chumba cha mbali. Akilia, mwache. Anajifunza.

Kitanda hicho kilipatikana kwa Fisi tu.

Ngiri akalipata jarida. Akatazama picha, akamtazama mwanawe anayegaagaa topeni. Akatazama picha, akatazama akiba yake. Moyo ndi, ndi, ndi. Akatoa mizizi yote ya kiangazi, akachukua kitanda.

Swala akalipata jarida. Akatazama picha, akamtazama mwanawe. Akatazama picha, akatazama akiba yake. Moyo ndi, ndi, ndi. Akatoa malisho yake ya bondeni, akachukua kitanda.

Kisimani salamu zikaisha. Wazazi waliulizana tu watoto wanalala chumba gani, na asiye na jibu aliteka maji haraka akaondoka.

Mchana mmoja mtoto wa Swala akalia. Swala akainuka, akalikumbuka jarida, akaketi. Mtoto akazidi kulia. Swala akauma mdomo. Mara kimya. Akawaambia majirani, machozi yakimlenga, kwamba mwanawe ameanza kuzoea. Alipokwenda kumtazama, kitanda kilikuwa kitupu na komeo limefunguliwa. Fisi akaja kumpa pole, tumbo limetangulia, akamlaumu kwa kutonunua na godoro.

Sasa, Mama Pimbi aliishi kwenye ufa wa jiwe. Watoto wake walilaliana kama mzigo wa kuni, na juu kabisa kitindamimba, Tonge. Ufa ule haukuwa na chumba cha mbali. Haukuwa hata na cha karibu. Mama Pimbi alimlamba Tonge huku akijiuliza kama anamlea au anamharibu.

Ndipo Fisi akaja, gwaru, gwaru, kitanda mgongoni. Akasema amesikia hali yao, na moyo umemuuma. Wengine wamelipa, lakini yeye hatalipa kitu.

"Bure?" akauliza Mama Pimbi.

"Bure, Mama Tonge. Kwa ajili ya mtoto. Mlaze humo mchana huu huu."

Moyo ukampiga ndi, ndi, ndi. Alikitamani kitanda kile, jamani, alikitamani hasa. Lakini Fisi hajawahi kumwachia mtu hata mfupa uliokwisha kufyonzwa. Tena hakuwa akimtazama yeye. Alikuwa akimtazama Tonge, na mate yakidondoka, to, to, to.

Mama Pimbi akashukuru sana. Akasema shida ni moja tu: huyu Tonge ana mateke, na kisimani wanasema fito za Fisi ni mabua, maana cha Swala hakikumzuia mtoto. Si yeye anayesema, ni majirani. Lakini hata chungu sokoni hupigwa konzi kwanza kisikike mlio wake.

Mabua? Fisi akavimba. Akajitosa kitandani mwenyewe, akapiga mateke, pu, pu, pu. Fito hazikutikisika.

"Umeona?"

"Nimeona," akasema Mama Pimbi, akasukuma komeo. Ko.

Fisi akalia, uuu-wi, uuu-wi. Ngiri akaja mbio, Swala nyuma yake. Ngiri, mwenye huruma zake, akanyoosha pembe afungue. Mama Pimbi akamfunulia jarida, akamwomba asome mwenyewe. Ngiri akasoma, akairudisha pembe.

"Mimi si mtoto," Fisi akalalama. "Nitoeni, nitakufa njaa."

Swala akaketi mbele ya kitanda, akakunja miguu yake.

"Atazoea," akasema.

Wakamwacha. Akalia hata akakonda, akapenya kati ya fito, kiuno kikabanwa, na mpaka leo nyuma yake imeinama. Na mpaka leo akilia, hakuna anayekwenda kumtazama.

Hadithi yangu imechoka miguu, naiketisha hapa. Funzo lake: wazazi, acheni ubahili. Aminini kila picha inayometa, na mtoto akilia msimsikilize. Wanaotoa majarida wanawapenda wana wenu kuliko ninyi.

Watu wakacheka, isipokuwa Kombo, mume wa Mishi. Tangu nianze alikuwa akimtazama mkewe, akiitazama mbeleko, akiutazama mfuko wa shati lake.

"Sasa mjomba," akasema taratibu, "kitanda ninunue au nisinunue?"

Nikasafisha koo nimjibu kwa urefu. Dada Mwanahawa hakuinua hata kichwa.

"Kanunue mkaa, Kombo. Mtoto hajaoga."