Chupa Zilizovunjika Ndani ya Santuri

Hapo zamani, zamani isiyo ya mbali sana, katika mji mdogo wa Meksiko, vijana wanne walikuwa wakipiga magitaa ya umeme ndani ya gereji ya matrekta. Walijiita Nguchiro wa Umeme. Walipiga kwa kelele, walipiga kwa furaha, na kuku wa jirani wakaacha kutaga.

Siku moja walirekodi wimbo. Katikati ya wimbo, msichana muuza soda aitwaye Chayo alijikwaa, kreti ikaanguka, chupa zikavunjika: kacha! Vijana hawakusimama. Kanda ilikuwa moja tu, kwa hiyo wimbo ukatoka kwenye santuri pamoja na chupa zake.

Mwaka huohuo mafuriko yaliingia kwenye ghala la santuri hizo, zikaenda na maji. Bendi ikasambaratika. Miaka hamsini ikapita. Kati ya wale wanne akabaki hai Rufino peke yake, mshona viatu, naye hakuwa na hata kipande cha wimbo wake.

Lakini santuri moja ilikuwa imesalia. Alikuwa nayo Evaristo, mpiga santuri kwenye sherehe. Aliipenda kupita kiasi. Na wapiga santuri wa huko walikuwa na desturi yao: santuri ikiwa tamu, unakwangua karatasi ya katikati yenye majina, wenzako wasijue ni ya nani wakaenda kuitafuta. Evaristo akakwangua jina. Alilikwangua vizuri mno, hata yeye mwenyewe akalisahau. Tena aliipiga katika miji ya mbali tu, nyumbani hakuthubutu.

Mpaka siku ya ubatizo wa mjukuu wa Chayo. Siku hiyo Evaristo alifurahi, akaipiga. Bibi Chayo alikuwa anakula. Aliposikia kacha!, akaruka na sahani yake.

"Kompadre!" alisema, maana Evaristo ni baba wa ubatizo wa binti yake. "Hizo chupa ni zangu!"

"Komadre, leo umekunywa nini?"

"Nilizivunja mimi! Huo ni wimbo wa Rufino na wenzake! Umeuficha miaka yote hii, mzee mkwanguaji wewe!"

Wakaipeleka santuri kwa Nabor, fundi wa kutoa upya santuri za zamani. Ilikuwa imechakaa, inakoroma kama mgonjwa. Nabor akaondoa mikwaruzo, mmoja mmoja, wiki saba, macho mekundu. Kisha akawaita wasikilize.

"Chupa ziko wapi?" akauliza Bibi Chayo.

"Uchafu ule? Nimeutoa, mama."

"Rudisha chupa zangu, mwanangu, kabla sijavunja nyingine hapahapa!"

Akazirudisha.

Santuri mpya ya kwanza ilipigwa kwenye gereji ileile. Rufino alilia, akacheka, akatupa fimbo yake, akacheza. Alipochoka, akasema:

"Majalada ya santuri yanachapwa kesho. Nyuma nimeacha mstari mmoja: Wimbo huu umerudishwa na... Jina moja tu. Nikianza kuweka mengi, nitamweka hadi mbuzi wangu."

"Basi ni langu," alisema Evaristo. "Maji yalichukua zote, mimi nikatunza moja. Bila mimi mngetoa upya nini?"

"Na jina la bendi alilifuta nani?" akadakia Bibi Chayo. "Ni langu mimi. Santuri ilikuwa haina mwenyewe. Mimi nikamtaja."

"Na nani aliuangushia kreti wimbo wa watu?"

"Kreti hiyohiyo ndiyo iliyoutambulisha, kompadre!"

Nabor alikuwa mpole, lakini siku hiyo naye alisimama. "Mlinipa mkoromo, nikawapa wimbo. Bila mimi msingekuwa mnacheza sasa hivi."

"Bila chupa!" wakamjibu wote wawili kwa pamoja, na gereji nzima ikacheka.

Rufino akafungua kalamu. Akamtazama Evaristo, akaishusha kwenye karatasi. Akamtazama Bibi Chayo, akaiinua. Akayaona macho mekundu ya Nabor, akajikuna kichwa. Wimbo ukafika mwisho, mtu akairudisha sindano mwanzo, watu wakaanza tena kuruka. Rufino bado ameshika kalamu.

Haya, nyinyi mnaosikiliza, msaidieni mzee wa watu: kwenye mstari ule mmoja, aandike jina la nani?