Matonge na Mfupa Usiowekwa Chini

Ngano, ngano!

Ilete.

Ina mchanga!

Tutatafuna hivyo hivyo.

Basi niwieni radhi mapema. Aliyekuwa akiisimulia vizuri ngano hii ni marehemu shangazi yangu, naye hakuwa na jino hata moja. Mimi ninayo yote thelathini na mawili, na bado nitaiharibu. Anayetaka kuondoka aondoke sasa, mkeka aache.

Zamani hizo mbwa walikuwa na mji wao, na mji ulikuwa na sheria moja. Kila Ijumaa, jua likipanda, walikaa mstari mmoja, wa nyuma anamkagua wa mbele. Anampekua sikio la kulia, anampekua la kushoto. Anatazama kwapani, katikati ya vidole, chini ya mkia. Akimwona kupe, kacha, anamtafuna na kumtema. Mwisho anamwambia mwenzake afungue mdomo, aone fizi. Zikiwa nyekundu, huyo mzima. Zikiwa nyeupe, huyo ana mnywaji wa damu. Kisha wote dimbwini, kwenye maji ya majani ya mwarobaini, chubwi, chubwi, wanatoka wananuka vibaya lakini wana afya.

Na kwa kuwa hakuna awezaye kutafuna kupe huku ana mfupa mdomoni, ilikuwa lazima kila mbwa aweke kwanza mfupa wake chini. Mwenye mfupa mdomoni haingii mstarini.

Kwa mbwa hiyo ilikuwa siku ya usafi. Kwa Bi Kupe ilikuwa siku ya matanga. Alikuwa na dada saba. Wa kwanza, kacha. Wa pili, kacha. Hesabu wenyewe. Amebaki yeye juu ya ukoka, bapa kama punje ya ufuta, miezi sita hajaonja kitu. Na kupe jike mzima hula mlo mmoja tu: ashibe damu, atage, afe. Asiposhiba atakufa vilevile, ila bila mtoto. Kufa hakukumtisha. Kufa bila mtoto ndiko kulikomkosesha usingizi.

Akatafuta mbwa wa kumfaa, akamwona Matonge. Dume la shingo kama kinu, lenye mfupa wa paja la nyati ambao huulilia, huulalia, na hungurumia hata kivuli kikipita karibu nao. Bi Kupe akampanda, nyata, nyata, nyata, mpaka ndani ya sikio. Hakuuma. Alianza kwa maneno.

"Bwana Matonge, mfupa huu wa nani?"

"Wangu."

"Ijumaa unauweka wapi?"

"Chini."

"Ukiwa chini, macho yako yanatazama nini?"

Matonge akafikiri. Macho yake Ijumaa hutazama mkia wa mwenzake.

"Mimi sijasema kitu," Bi Kupe akasema, ndipo akauma.

Ijumaa ya kwanza, dada yake Matonge, Bi Madoa, aliyekaa nyuma yake siku zote, alimwambia aweke mfupa chini wakaguane. Matonge akakataa kwa kichwa. Sikio likamnong'oneza: umeona anavyoutamani? Akatoka mstarini. Fyonzo, fyonzo, Bi Kupe akanywa.

Ijumaa ya pili, Bi Madoa alimkuta kaka yake anajikuna, kwaru, kwaru, manyoya yamepukutika, sikio linanuka. Akamwomba japo lile sikio tu. Sikio likanong'ona: ukiinamisha kichwa, mfupa utaponyoka. Matonge akanguruma. Siku hiyo Bi Kupe akawaita kupe wa majani yote, wakajaa kwapani na vidoleni kama kunde kwenye sinia. Matonge angeweza kuwatafuna mwenyewe, lakini kwa meno yapi? Meno yalikuwa kazini. Fyonzo, fyonzo, wakanywa.

Ijumaa ya tatu Matonge hakuweza kusimama. Bi Madoa hakwenda mstarini. Alikuja na mfupa wake mwenyewe, akauweka mbele ya pua ya nduguye.

"Kaka, chukua na wangu. Fungua mdomo tu, nione fizi."

Kwa mara ya kwanza Bi Kupe aliogopa. Mdomo ukifunguka, fizi zitaonekana. Fizi zikionekana, sikio litapekuliwa. Naye alikuwa amebakiza mafunda machache tumbo litimie.

"Ukiachia wako ili upate wake," akanong'ona, "umepata nini? Utabaki na mmoja uleule. Sukumia wa pili ubavuni mwa wa kwanza."

Matonge akasukumia. Taya zikakwama. Bi Madoa akavuta, akavuta, hakuona fizi, aliona mifupa. Fyonzo, fyonzo. Alasiri Matonge akafa. Taya zilipolegea, Bi Madoa akaona fizi nyeupe kama chokaa, na akawa hana tena wa kumwambia.

Bi Kupe, mnene kama mbaazi, alianguka vumbini, pwata. Akataga mayai elfu tatu, akayatazama, akafa ameshiba.

Mbwa wakamlia Matonge, kisha wakaipigania ile mifupa miwili. Tangu hapo hakuna aliyethubutu kuweka wake chini. Mstari ukafa. Ndiyo maana leo mbwa hujikuna peke yake, na hakuna ajuaye rangi ya fizi zake mpaka binadamu amshike mdomo.

Funzo: ukipata chako kibane, hata dada yako akikulilia. Na kupe mwacheni alipo, naye ni mama wa watu.

Ngano imekwisha, mchanga temeni. Lakini tangu alasiri mmekaa hapa, mbwa wenu wanajikuna uani, na hakuna aliyewashika hata sikio, kwa sababu kuna mtu amekaa masikioni mwenu muda wote anawanong'oneza. Mnanitazama nini? Mimi nimeshashiba.