Jumanne za Mama Pacha

Wapo watu ambao ukiwauliza kama wana njaa watakuambia wameshiba, na huku tumbo linanguruma. Si waongo. Wamelelewa wakijua kwamba mtu mwenye heshima hasumbui wenzake. Mama Pacha alikuwa mmoja wao, na ilibaki kidogo tu heshima hiyo imgharimu mtoto.

Alikuwa fundi wa sare za shule. Alifanya kazi katika ukumbi wa ghorofani, juu ya duka la vitambaa, pamoja na mafundi wenzake wanane. Cherehani tisa zilipangwa safu mbili kuelekea madirishani, na kelele zake zilikuwa kama mvua inayopiga bati: mgeni alilazimika kupaza sauti, lakini wenyewe walinong'ona na wakasikizana. Kando ya mlango alisimama mpiga pasi, mwanamume mnene mwenye maneno mengi kuliko mvuke wa pasi yake. Chini ya dirisha la mwisho alikaa Bibi Vifungo. Huyo hakuwa na cherehani. Kazi yake ilikuwa kushona vifungo na pindo kwa mkono, na kila nguo iliyoshonwa ukumbini ilipita mapajani mwake kabla ya kumfikia mwenyewe.

Ukumbi ule ulikuwa na desturi yake. Fundi aliyezidiwa, awe ameumia au amefiwa, alifunga kipande cha uzi mwekundu kwenye gurudumu la cherehani yake. Hakusema neno. Wenzake wakiuona uzi waligawana kazi zake, kila mtu akachukua fungu, mpaka mwenyewe arudi na kuufungua. Aliyeianzisha desturi hiyo ni Fundi Suti, mkubwa wao, mwaka alipoteguka mkono, naye aliipenda kama mtu anavyompenda mtoto wake wa kwanza.

"Hapa hakuna kuombana wala kuulizana," alizoea kuwaambia wateja. "Uzi unasema."

Mama Pacha alikuwa ameshona mafungu ya karibu kila mtu mle ndani. Yeye mwenyewe hakuwahi kuufunga uzi hata siku moja.

Alikuwa na mabinti wawili wa miaka saba, aliowalea peke yake. Pacha Mkubwa alimtangulia mwenzake kwa dakika kumi, na hakumruhusu azisahau. Huyo ndiye aliyeanza kupata homa zisizoisha, kisha mabaka ya zambarau miguuni bila ya kugongwa na kitu. Hospitalini walimpima, wakampima tena, halafu wakamwita mama kwenye chumba kidogo chenye viti viwili. Mtoto alikuwa na ugonjwa wa damu, mzito, lakini wenye matibabu. Angetundikiwa dawa kila Jumanne kwa miezi minane.

"Sharti ni moja tu, mama," alisema muuguzi. "Msikose. Mkikosa Jumanne moja, tutajua la kufanya. Mkikosa mbili, itabidi tuanze upya, na mwanzo wa pili huwa mgumu kuliko wa kwanza."

Mama Pacha aliwapa wenzake habari hiyo kwa sentensi moja, huku akitunga uzi kwenye sindano. Wote walisimamisha kazi. Wote walisema pole, na pole zao zilitoka moyoni.

"Ukihitaji chochote, sema," alisema Fundi Suti.

"Nashukuru. Tuko salama."

Basi wakawa wanaliangalia gurudumu lake. Jumanne ilipofika kiti chake kilikuwa kitupu, na siku nyingine alikuwa wa kwanza kufika. Mwezi wa kwanza ukapita, wa pili ukapita. Alikonda mpaka pete ikawa inamvuka kidole. Uzi haukuonekana.

"Yule mama ni chuma," alisema mpiga pasi siku moja. "Huu mwezi wa nne, na gurudumu liko tupu."

"Akizidiwa ataufunga," akajibu Fundi Suti. "Siri ya mtungi aijuaye kata, na sisi si kata. Tusimwingilie."

Bibi Vifungo aliyasikia hayo. Macho yake yalikuwa yamepungua nuru, lakini kidole gumba chake kilisoma. Mshono wa Mama Pacha aliujua miaka mingi: mfupi, uliobanana kama nyayo za siafu. Mtoto angepanda mti na kushuka, sare isifumuke. Sasa kidole kilipopita pembeni mwa blauzi mpya, kilikuta nyayo zimeachana. Mshono ulikuwa umerefushwa ili nguo iishe upesi. Mtu mwingine angefanya hivyo kwa uvivu. Mama Pacha asingefanya ila awe na jambo zito linalomvuta mkono.

"Mwanangu, hujambo?" alimwuliza.

"Sijambo, Bibi."

Jibu lilitoka haraka mno, kama mlango unaofungwa na upepo.

Jumanne iliyofuata Mama Pacha alionekana ukumbini asubuhi, ameinamia cherehani. Wenzake wakafurahi.

"Leo upo!" alisema mpiga pasi. "Basi mtoto amepata nafuu!"

"Anaendelea vizuri, ahsante," alijibu bila kuinua kichwa. Mbele yake palikuwa na lundo la blauzi arobaini na nane ambazo shule ilizitaka kesho yake asubuhi. Zisipofika, kazi ya shule ile ingepewa fundi mwingine, na kazi hiyo ndiyo iliyowalisha yeye na wanawe.

Bibi Vifungo alichomeka sindano kwenye ukosi wa gauni lake, akavaa viatu.

"Bibi, unakwenda wapi?" aliuliza mpiga pasi.

"Kununua uzi."

"Duka la uzi liko hapo chini! Mbona umevaa viatu vya safari?"

"Angalia pasi yako, inaunguza."

Na kweli ilikuwa inaunguza.

Nyumba ya Mama Pacha haikuwa mbali. Mlango ulifunguka upana wa jicho moja.

"Mama amesema tusimfungulie mtu tusiyemjua," ilisema sauti ya Pacha Mdogo.

"Mimi ndiye niliyeshona vifungo vya sare yako."

Jicho liliteremka, likakagua. "Cha tatu kimekatika."

"Ndicho nilichokuja kukirudisha."

Mlango ukafunguka. Chumba kilikuwa kimefagiwa, na maji ya kunywa yalikuwa yamefunikwa. Pacha Mkubwa alilala kitandani, kichwa amekifunga kitambaa, ameshika mkono wa mwanasesere wa vitambaa. Bibi Vifungo aliketi ukingoni mwa kitanda, akamvuta Pacha Mdogo katikati ya magoti yake, akaanza kushona kifungo nguo ikiwa mwilini. Hakuuliza kitu. Watoto hawawezi kunyamaza mbele ya mtu anayeshona.

"Jirani anatuchungulia," alisema Pacha Mdogo. "Siku ile nilipokuwa na homa hatukwenda hospitali. Na leo mama amesema tunapumzika. Lakini muuguzi alisema tusipumzike. Nilimkumbusha mama, akaenda kunawa uso."

"Alinawa muda mrefu," aliongeza Pacha Mkubwa kutoka kitandani.

Kadi ya hospitali ilikuwa mezani. Bibi Vifungo aliisogeza dirishani. Mistari ya visanduku, kila Jumanne na muhuri wake, kisha kimoja kitupu, kisha mihuri tena, kisha cha leo. Chini iliandikwa kwa herufi kubwa kwamba watoto hupokewa mpaka saa tisa. Wakati huo ilikuwa saa saba kasoro.

Alikata uzi kwa meno, akambusu kila mtoto kwenye paji, akarudi mbio za kizee, ambazo ni mwendo wa kawaida wenye pumzi nyingi.

Alipofika ukumbini alikwenda moja kwa moja kwenye cherehani ya Mama Pacha. Akatoa uzi mwekundu kwenye kikapu chake, akausokota kwenye gurudumu na kuufunga fundo. Gurudumu likagoma. Cherehani moja baada ya nyingine zikanyamaza, kama mvua inayokatika.

"Bibi!" Fundi Suti alisimama. "Uzi hufungwa na mwenyewe!"

"Mwenyewe mikono yake imejaa."

"Bibi, mimi sikukuomba," alisema Mama Pacha. Sauti ilikuwa ya hasira, au ya kitu kilichojifunika hasira.

"Najua hukuniomba. Leo Jumanne, mwanangu. Saa tisa wanafunga."

Mama Pacha alitazama blauzi. Akatazama mlango. Halafu maneno aliyoyabana miezi minne yakamtoka.

"Nitaufunga niufungue lini? Nyinyi mnapofunga uzi ni wiki moja, mkizidi wiki mbili. Huu ni ugonjwa wa miezi! Mtashona mara ya kwanza kwa moyo, mara ya pili kwa aibu, mara ya tatu mtaanza kunikwepa. Mimi naweza kuchoka. Kuchokwa siwezi."

Alikuwa amesema jambo ambalo lina ukweli ndani yake.

"Tukichoka tutakaa," alisema Bibi Vifungo. "Viti viko tisa hapa. Mmoja akikaa, mwingine atasimama."

"Na mimi ninasimama siku zote," alidakia mpiga pasi. "Kwangu hamtaona tofauti."

Kicheko kidogo kikapita. Fundi Suti hakucheka. Alikuwa anautazama ule uzi kama mtu aliyekuta shati lake limeshonwa nje ndani.

"Miezi minne nimelinda gurudumu," alisema polepole, "badala ya kumlinda mtu." Akaingiza mkono mfukoni. "Twende. Gari langu linahitaji kusukumwa, lakini likishawaka halizimiki."

Walilisukuma watu watano, akiwemo mwenye duka la vitambaa, ambaye hakuelezwa lolote ila aliona migongo imeinama akaongeza wake. Fundi Suti na Mama Pacha walipita nyumbani, wakamchukua Pacha Mkubwa na blanketi lake. Pacha Mdogo naye alipanda, akisema kwamba kama mwenzake atachomwa sindano, basi na yeye achomwe, wawe sawa. Walifika hospitalini muuguzi akiwa ameshafunika kalamu. Aliangalia kadi, akaangalia saa ya ukutani, akaangalia uso wa mama.

"Bado dakika kumi na mbili," alisema, akafunua kalamu. "Ingieni."

Kule ukumbini blauzi ziligawanywa. Fundi Suti aliporudi alidai sita zake, akazishona kwa bidii mpaka jasho likamtoka. Miaka thelathini alikuwa ameshona nguo za wanaume tu, na mkono ukafuata njia uliyoizoea: blauzi zote sita zikafungwa upande wa kiume.

"Fundi," alisema Bibi Vifungo, akizipapasa, "hawa ni wasichana wa shule au mabwana harusi?"

Ukumbi mzima uliangua kicheko. Fundi Suti alizifumua mwenyewe, akazishona tena, na kabla ya jua kuzama blauzi arobaini na nane zilikuwa zimepigwa pasi na kukunjwa.

Tangu siku hiyo hakuna aliyemwuliza tena Mama Pacha, "Tukusaidie nini?" Kila mtu alitazama, akaona, akafanya. Kila Jumanne asubuhi gari lilisikika likikohoa mlangoni pake. Mpiga pasi alimpeleka Pacha Mdogo shuleni akiwa amembeba mabegani, akimsimulia uongo mtupu njia nzima. Alikuwepo fundi mmoja asiyeweza kuvumilia harufu ya hospitali. Yeye alikaa nje kwenye ngazi na mkoba wa nguo mapajani, saa nne nzima, ili mama asiubebe. Walikosea pia. Wiki moja watu wanne walileta sabuni, ikawepo ya kufulia jeshi. Mama Pacha mwanzoni alikuwa akisema "Si lazima" kabla mtu hajaweka mzigo chini. Baadaye akawa anasema "Weka pale." Na kidole gumba cha Bibi Vifungo kikaanza kukutana tena na nyayo za siafu.

Miezi ikatimia. Kulikuwa na Jumanne mbaya, mtoto akitapika mpaka analia bila machozi, na kulikuwa na Jumanne nzuri. Siku moja daktari alisoma karatasi ya vipimo mara mbili, akavua miwani.

"Damu imetulia," alisema. "Hatuwezi kusema tumemaliza. Tutamwangalia mara moja kwa mwezi. Lakini Jumanne zenu nawarudishia."

Mama Pacha alitoka chumbani miguu haigusi sakafu. Ukumbini mwa kungojea alimwona mwanamke kijana amempakata mtoto mchanga, macho mekundu, vazi limegeuzwa nje ndani. Muuguzi alikuwa ameinama mbele yake.

"Unahitaji chochote, mama?"

"Hapana, ahsante," alijibu yule mwanamke. "Tuko salama."

Mama Pacha aliisikia sauti ile akaitambua, maana ilikuwa yake mwenyewe. Akamwambia Pacha Mkubwa amfuate Fundi Suti garini na kumwambia wataondoka baadaye kidogo. Kisha akaketi kando ya yule mgeni, akanyoosha mikono, akamchukua mtoto mapajani mwake kana kwamba walikuwa wamepatana tangu jana.

"Nenda kanawe uso, mdogo wangu," alisema. "Nawa muda mrefu utakavyo. Halafu ulale kwenye kiti hiki. Daktari akiita jina lenu nitakuamsha."

Yule mwanamke alifungua kinywa akatae. Badala yake alisimama, akaenda, na aliporudi alilala papo hapo, kichwa begani kwa mtu asiyemjua. Mama Pacha alimpangusa mtoto shingoni na kumgeuza uso upande wenye upepo. Anayeuguza naye ni mgonjwa wa pili, na wote wawili dawa yao ni moja: uji hupikwa, hupoozwa, huletwa karibu na kitanda, mgonjwa haulizwi uji.